Maji Yasiyonuka kwa Rubisi ya Harusi

Kisa kizima kilitugharimu mkungu mmoja wa ndizi na shangazi mmoja. Nimehesabu mara mbili; jibu halibadiliki.

Kila nikifungua bomba, harufu ya dawa ikinipanda puani, namkumbuka Shangazi Koku. Ilikuwa miaka ya ujamaa, kijijini Ijumbi, nyumba zetu zimesogezwa karibu na tangi moja la maji ya mto. Kipindupindu kiliposikika upande wa ziwani, ililetwa dawa ya unga mweupe, na Ta Ishengoma, mtunza tangi, akaagizwa aitie kila asubuhi. Chai ikanuka hospitali, tukazoea. Rubisi haikuzoea. Ndizi zilizokamuliwa kwa maji yale zilitoa pombe yenye harufu ya zahanati.

Na dada yangu alikuwa anaolewa. Shangazi akanishika mkono hadi tangini.

"Ta Ishengoma, waitu, pumzisha hiyo dawa siku mbili tu. Wakwe wakinywa pombe inayonuka sindano, watasema bibi harusi mgonjwa."

"Bwana afya akijua, Ma Koku?"

"Tumemwalika. Kibuyu cha kwanza ni chake."

Akataka mikungu miwili. Shangazi akamshusha hadi mmoja, na njia nzima alicheka peke yake.

Maji yalikuwa matamu jamani! Tuliyanywa vivyo hivyo, bila kuchemsha, kwa furaha ya kutosikia harufu. Rubisi ikatoa povu, wakwe wakasifu.

Migomba ya mapambo ilikuwa haijanyauka, kuhara kulipoanza, nyumba kwa nyumba. Mama alinichemshia maji, akasimama kunitazama nikimeza kila funda. Tumbo likinguruma kidogo tu, nalia. Shangazi alibebwa kwa machela kwenda hospitali Muleba, macho yamezama, mdomo bado mzima: "Mwambieni Ishengoma arudishe dawa. Na asithubutu kudai mkungu wa pili."

Hatukumwona tena.

Utotoni niliamini harufu ile ndiyo ugonjwa wenyewe, maana harufu na habari za kipindupindu vilifika pamoja. Ukubwani ndipo nikaelewa kwamba ile ilikuwa harufu ya mlinzi, na sisi tulimhonga alale.

Sasa binti yangu anaolewa. Mkamuaji analalamika maji ya bomba yananuka. Anajua kijito, eti kisafi, na atachota maji yake kwa malipo ya mkungu mmoja. Nikimwambia ayachemshe kwanza, anacheka. Wakwe ni watu wa Kishanda, rubisi wanaijua. Ninyi mliokwisha kuozesha, nishaurini: harusi bila rubisi, nitawatazamaje watu wale?