Mti wa Kumi na Tatu

Hedwiga alikuwa na sheria moja porini: mti hautajwi jina mpaka mzizi wake umefika nyumbani. Ukiutaja ungali umesimama, alisema, unasikia, na nguvu zake zinarudi chini. Kwa hiyo yeye na mwanawe Pankras walitoka Mbaha asubuhi, wakapanda vilima vinavyotazama ziwa, na kutwa nzima hawakusemezana neno la maana. Mama alinyoosha kidole. Pankras alichimba upande wa mashariki, akakata mzizi mmoja tu, akafukia shimo na kulishindilia kwa kisigino ili mti usife. Basi, wakaenda kwenye mwingine.

Majina yalitajwa uani, wagonjwa walipokuja. Wakati huo mizizi ilikuwa imeoshwa, imemenywa na kukatwakatwa, yote myeupe kama mihogo kwenye ungo mmoja. Ndipo mama aliposema hii ni Shika-mgongo, hii ni Tuliza-tumbo. Kwa Kiswahili ni hivyo, ila yeye aliyataja kwa Kimatengo cha kwao milimani, alikotoka akiwa mwari kuja kuolewa huku chini kwa wavuvi. Pankras alikaa kando akinoa panga, akiyashika. Kapu la mizizi alilibeba miaka ishirini. Miti aliijua kwa sura, majina aliyajua kwa kusikia, ila jina gani ni la mti gani, hapo hakujua. Angeweza kuuliza. Lakini ni mtu wa haya. Hata kanisani hukaa benchi la nyuma, na akisemeshwa hutazama miguu yake. Tena mama alikuwa ameshamwahidi mwenyewe: tukimaliza kung'oa mihogo ya mwaka huu, nitakukalisha nikutajie yote.

Mihogo haijaisha, kiharusi kikamwangusha jikoni. Alilazwa hospitali ya Liuli siku tisa, akarudishwa upande wa kulia umekufa na ulimi hautoi neno. Daktari aliwaambia kwa upole wamtunze nyumbani, siku zilizobaki si nyingi.

Hapo Pankras akashikwa na hofu. Si hofu ya kifo, maana mama alikuwa amekula miaka themanini na miwili. Aliogopa kwamba miti itabaki imesimama kule mlimani, majina yatashuka naye kaburini, na hakuna atakayevikutanisha tena.

Akanunua daftari. Darasa la tano alifundishwa sehemu za mmea, na mchoro ule wa jani ubaoni hakuwahi kuusahau: kikonyo, ncha, ukingo, vishipa. Maneno hayo ya shule ndiyo aliyokuwa nayo. Kila asubuhi alipanda peke yake, akachuchumaa mbele ya mti mmoja na kuuandika kwa mwandiko wa kukandamiza. *Majani yanatazamana mawili mawili. Ukingo una meno kama msumeno. Gome la kijivu lenye mipasuko, ukilikwangua ndani ni jekundu. Utomvu mweupe, unanata vidoleni.* Juu ya ukurasa aliandika neno Jina na kuacha nafasi. Kisha alivunja kitawi, akakifunga kwenye kitambaa chenye maji, akateremka.

Nyumbani alikaa kitandani kwa mama, akampa jani alishike na kulinusa, halafu akasoma majina taratibu, moja baada ya jingine. Mkono wa kushoto wa mama ulikuwa ndani ya wake. Jina likiwa ndilo, mama aliubana.

Dada yake Notburga, aliyekuja kutoka Mbinga mjini kuuguza, aliwakuta hivyo akiwa na bakuli la uji.

"Kaka, unamfanyisha mama mtihani wa darasa la saba?"

"Kidogo tu."

"Basi umpe na maksi. Wewe mwenyewe ulipata ngapi?"

Upande mmoja wa mdomo wa mama ukainuka kidogo. Wakakubaliana kwamba amecheka. Hiyo ndiyo siku njema waliyoipata.

Kazi ilikwenda kwa kusuasua. Siku nyingine mama alisinzia katikati ya majina. Mti mmoja aliubania mkono mara mbili, kwa majina mawili tofauti, moja likiwa limeshapewa mti mwingine, na Pankras akaandika yote mawili na alama ya kuuliza. Lakini kufikia wiki ya tatu kurasa kumi na mbili zilikuwa na majina, na majina yote aliyoyasikia uani yalikuwa yamekwisha.

Miti ilikuwa kumi na mitatu.

Huo wa mwisho ulikuwa juu ya mawe, kijito kinapoanzia. Walikwenda mara moja tu, miaka ishirini iliyopita, mwaka ule ule alioanza kubeba kapu. Asubuhi ile mke wa Pankras, Scholastica, alikuwa amejifungua mtoto asiye na uhai, na damu haikukatika. Mtumbwi wa kumpeleka hospitali ulikuwa tayari ufukweni. Mama akasema ngojeni, nichimbe kwanza dawa ya kuishika damu, tutampeleka ikiwa imetulia. Pankras akachukua jembe, akamfuata. Kwenda na kurudi jua lilikuwa limefika utosini. Walipofika penye mihogo ya jirani wakasikia kilio.

Mama alisimama palepale njiani. Akalitwaa kapu mkononi mwa Pankras, akautupa mzizi vichakani. Kwa kuwa haukufika nyumbani, haukutajwa. Tangu hapo mwanamke mwenye shida ile akiletwa, Hedwiga hata kukaa hakumruhusu. Alisema mpelekeni Liuli, sasa hivi, msinisubiri. Na mama na mwana hawakuizungumza siku ile, si kwa heri wala kwa shari. Waliendelea kwenda porini pamoja, kimya, kama sheria ilivyotaka.

Pankras aliuacha mti huo kwa makusudi. Siku alipopanda, ilimchukua muda kuutambua, maana ulikuwa umeota mwingine kama huo pembeni yake. Alivunja kitawi, akarudi.

Mama alilipokea jani, akalipeleka puani. Pankras akafungua daftari, akasoma majina yote kumi na mawili. Mkono haukubana. Akayasoma tena, akijua hayamo. Alipoinua macho, chozi lilikuwa limeteremka kutoka jicho zima hadi sikioni. Mama aliuchomoa mkono wake, akakichukua kile kitawi chote na kukiingiza chini ya blanketi, kifuani, akakibana hapo.

Pankras alitazama miguu yake. Notburga alikuwa nje anaanika dagaa wa usipa, na harufu yao iliingia dirishani.

"Mama," alisema hatimaye. "Siku ile tulikwenda sote wawili. Jembe nililishika mimi."

Mama hakugeuka. Ila mkono ulitoka chini ya blanketi, ukatafuta juu ya shuka mpaka ukampata, ukabana. Haukuachia. Notburga alipoingia kuwaambia chakula tayari, akawaona, akatoka tena.

Hedwiga alifariki Alhamisi iliyofuata, mchana. Waliomwosha wakakikuta kitawi kimekauka kifuani, wakauliza wakitupe wapi. Pankras akasema kisitupwe. Akazikwa nacho.

Baada ya msiba, Notburga aliporudi Mbinga, Pankras alikaa uani palipokuwa pakikaliwa na wagonjwa, akafungua ukurasa wa mwisho. Aliandika polepole kuliko kurasa zote. *Majani yanapishana, si ya kutazamana. Kikonyo kifupi, chekundu. Ncha imechongoka. Upande wa chini una manyoya laini kama sikio la ndama. Gome jembamba, linabanduka lenyewe. Maua sijayaona. Unaota juu ya mawe penye maji, na sasa iko miwili.*

Kwenye mzizi alisita, kalamu mkononi. Ule mwingine hakuuchimba. Kisha akaandika: *Mzizi ni wa manjano, una harufu kali kama tangawizi mbichi. Niliubeba mwenyewe.*

Juu, mbele ya neno Jina, hakuandika kitu. Alilifunga daftari, akaliweka ndani ya kapu, na kapu akalitundika mahali pake.