Mchezo wa Mwizi wa Mbuzi

Jumatano, Oktoba 8. Jua limekuwa kali tangu asubuhi, na upepo wa vumbi. Mchana mawingu yalitokea upande wa Machakos mjini, watu wakatoka nje kuyaangalia, yakapita bila tone.

Nitajaribu kuandika vile ilikuwa, si vile ningependa iwe. Mimi si msomi. Kwenye kozi ya ualimu wa chekechea niliingia kwa alama za kuombaomba, na somo la utafiti ndilo linanitoa jasho. Kazi yangu muhula huu ni kuwatazama watoto wa shule moja ya chekechea huku Mwala wakicheza, niandike wanachofanya. Mwalimu wetu wa utafiti alituambia: “Keti kama jiwe. Ukiingilia, huo si mchezo wao tena, ni wako.” Nililishika neno hilo kwa nguvu. Mtu aliyesoma akiniambia kitu, huwa sithubutu kukipima.

Tangu Jumatatu wanacheza soko la mbuzi. Mmoja anauza, wengine ni mbuzi, wanatambaa wakilia mee, na mmoja ni mwizi. Mwizi akimshika mbuzi wote wanapiga kelele, halafu anapigwa. Mwizi ni msichana yule yule kila siku, wa miaka mitano, mwembamba. Sababu inajulikana Mwala nzima. Mwezi uliopita baba yake alikutwa sokoni na mbuzi asiye wake. Kama aliiba, mimi sijui. Yeye anasema alitumwa amfunge kamba tu. Watu walimpiga kwa mawe na rungu, mkono ukavunjika, meno yakatoka, kisha wakamvika tairi ili wamchome. Watoto wengi wa darasa hili waliona yote, mikono yao ikiwa ndani ya mikono ya mama zao.

Leo walianza na mabua ya mahindi. Niliandika: wanampiga mgongoni. Yakaja mateke. Niliandika: mateke, tumboni. Alikuwa amejikunja, halii, na macho yake yalikuwa kwangu. Niliandika hilo pia: anamwangalia mtafiti. Mwalimu wa darasa alikuwa ameitwa ofisini. Simlaumu. Alijua kuna mtu mzima uwanjani.

Kuna matairi makuukuu pale ya kuchezea. Walileta moja la pikipiki, wakamvika, likambana mikono.

“Sema ulikula mbuzi wangapi!”

“Sijakula.”

“Hata babako alisema hivyo! Mwongo!”

“Leta petroli!”

“Petroli imepanda bei, weka mafuta ya taa!”

Wakacheka. Wakammwagia maji ya kunywa kichwani. Mimi nami karibu nicheke, lazima niseme, kwa sababu mtoto aliyetaja bei aliisema kama mzee wa dukani.

Ndipo mvulana aliyekuwa muuzaji akakimbilia jikoni kunakopikwa uji. Mpishi alikuwa ameenda kuteka maji. Mvulana akarudi na kijinga, kuni iliyokuwa bado inawaka, akasimama mbele yangu.

“Ticha wa kuandika, tummalize?”

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtoto anayeomba kwenda choo. Tangu Jumatatu mtu mzima ameketi akiona kila kitu na hajakataza lolote. Kwa mtoto, hiyo ni ruhusa. Mimi nilidhani nimekuwa jiwe, kumbe nilikuwa ndiye mkubwa wa soko.

Mdomo wangu ulichelewa. Yeye akachukua kimya changu kuwa ndiyo, akageuka, akaugandamiza moto kwenye bega la yule msichana, juu ya tairi. Nilisikia ngozi. Harufu ilinifikia kabla ya yowe.

Niliruka. Nilikipiga teke kijinga kikaruka hadi ukutani, na yule mvulana nikamzaba kofi akaanguka chali, damu ikamtoka puani. Sheria inakataza kumpiga mtoto, na sheria hiyo nimefundishwa. Nilimpiga nikiijua. Nikalivuta tairi kwa nguvu hadi nikamkwaruza msichana shingo. Alikuwa akilia: “Aje sasa! Mwambieni aje!”

“Nani aje?”

“Msomali. Hapa ndio anakuja. Analala juu ya baba, anasema mbuzi ni wake na amesamehe.”

Ni kweli, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwenye mbuzi ni mfanyabiashara wa Kisomali pale sokoni. Aliingia katikati ya mawe akamfunika yule mtu kwa mwili wake, naye akapigwa mengine kabla ya watu kumsikia. Nilimuuliza msichana mbona hawachezi sehemu hiyo.

“Hakuna mwenye anataka kuwa yeye. Nikafikiri ni wewe.”

Nilimmwagia maji baridi begani. Halafu nikamwosha mvulana pua, nikamwomba msamaha. Aliniangalia kwa mshangao. “Lakini ulikuwa unaona,” akasema.

Habari ilifika kwa mama wa msichana kabla sijamaliza. Aliingia uwanjani na mpini wa jembe. “Ni nani? Nionyesheni huyo nyoka mdogo!” Nilijiweka mbele ya mvulana, mpini ukanipata kiwiko cha kushoto. Aliinua tena. Nikamwambia, “Mama, aliyekaa akiangalia ni mimi.” Mpini ulibaki juu kidogo, kisha akauacha uanguke, akamchukua mwanawe mgongoni.

“Hapa harudi. Walimvunja baba, sasa wanachoma mtoto. Wacha akae hivyo bila shule.”

Msichana akasema kutoka mgongoni, kwa ile sauti ya mtu aliyemaliza kulia, “Mimi nitarudi kama ticha atakuwa Msomali.”

Mama yake alinigeukia. “Umesikia. Utakuwa?”

Nilisema nipewe nafasi nimpigie mwalimu wangu wa utafiti simu. Najua ni jibu la aibu. Nilimweleza yote, hata kofi. Mwalimu akasema hakumaanisha jiwe la kuacha mtoto aungue, na kwamba hata yeye alifaa kutuambia hivyo. Kofi atalipeleka kwa mkuu wa chuo, na hapo ana haki. Lakini nikiingia kwenye mchezo, nilichoandika shule hii hakifai tena. Nianze upya shule nyingine, ama nirudie muhula. Alisema kwa upole, na nadhani kwa upande wa utafiti yuko sawa.

Nikarudi kwa mama wa msichana, nikamwambia nitakuwa. Kesho, wakinikubali langoni.

“Na ujue utapigwa,” akasema. “Yule alipigwa.”

Jioni tulikula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na mbaazi, mimi na mama yangu. Kiwiko kilikuwa kimevimba, hakikunjiki, kwa hivyo alinishikia sahani mpaka nikamaliza.