Makaburi Yasiyo na Tuta

Kijiji chetu kiko nje kidogo ya Tunduma, na watu wakiniuliza kiko nchi gani huwa nawauliza wana haraka gani. Wazee wetu walilima pale kabla mzungu yeyote hajachomeka bikoni yake ya saruji ya kuonyesha mpaka kwenye shamba la mtu. Alipochomeka, jiko likawa Tanganyika, zizi likawa upande wa pili, na ng'ombe hawakuambiwa. Tulisalimiana kwa Kinamwanga pande zote mbili, tukaoana, tukazikana. Bikoni zenyewe, nyingine zilifukiwa na tope, nyingine watu waling'oa wakafanya viti vya kuotea jua. Nani alijali?

Walianza kujali malori yalipoanza kujaa. Biashara ilifunguliwa, mji ukavimba, watu wakajenga hadi juu ya mstari, na ubishi wa mpaka uko wapi ukaanza. Wakaja wapimaji wa nchi zote mbili, wakavuta kamba zao, wakatuambia ukanda wa katikati lazima ubaki mweupe: nyumba hakuna, mgomba hakuna, kaburi hakuna. Nyumba ya mama yangu ilikuwa katikati kabisa ya ukanda huo.

Nyumba haikumliza. Ilikuwa ya udongo, angejenga nyingine. Kilichomtesa ni makaburi. Kila familia ilitakiwa ionyeshe ya kwake ili yahamishwe kwa heshima, na mchungaji awepo. Mama akaonyesha mawili, la baba na la bibi mzaa baba. Afisa aliyekuwa anaandika akamuuliza kama ni hayo tu. Mama akasema ni hayo tu.

Uongo mtupu. Kabla yangu mama alizaa watoto watatu, na hakuna hata mmoja aliyefikisha umri wa kukaa. Kwetu kichanga hafanyiwi tuta wala matanga. Anazikwa na wanawake watu wazima, upenuni mwa nyumba, kimyakimya, na mahali pale hapatajwi wala hapaonyeshwi kidole. Ukipataja, mimba iliyopo nyumbani haikai. Hayo niliambiwa na shangazi yangu nilipovunja ungo. Na wapimaji walipokuja, mimba iliyokuwepo nyumbani ilikuwa yangu, tumbo limeshatoka.

Mimi nina hasira za karibu, ukoo mzima unajua. Nilimfuata mama jikoni nikamwambia awataje wale watoto, maana katapila halichagui. Alikuwa anapepeta mahindi na hakuacha kupepeta.

"Wale wameshakufa," akasema. "Huyo wako bado."

Nikamwambia hayo ni mambo ya kale, sisi ni watu wa kanisa, tena yeye hukaa benchi la mbele. Akasema mchungaji hajawahi kuzaa, akaendelea na ungo wake.

Nikachemka. Nikaenda mwenyewe kwa yule afisa nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Akauliza ni upenu upi, na hapo nikakwama, kwa sababu nyumba ina pande nne na mimi sikuwahi kuonyeshwa. Wanawake waliozika pamoja na mama walishatangulia. Afisa akaja kumuuliza mama mwenyewe, kwa upole kabisa. Mama yangu, ambaye hana mazoea ya kucheka na wageni, akacheka. Akasema binti ana mimba, usingizi haupati, anaota ovyo. Afisa akaondoka zake. Nilimchukia mama siku ile, nilimchukia kwelikweli, na chini ya chuki hiyo nilihisi nafuu kwamba hakutaja.

Katapila lilikuja asubuhi. Baba na bibi walishahamishiwa kule kanisani. Kuta zilianguka upesi, vumbi likatujaa machoni, na mama alikuwa amesimama ameipa nyumba kisogo. Kisha mashine ikaanza kukwangua ardhi upande wa jikoni, na udongo ukapanda juu pamoja na vigae vyeusi. Kichanga wetu hawekwi kwenye jeneza. Hulazwa ndani ya chungu, kikafunikwa kwa chungu kingine. Mama aliposikia vikivunjika aligeuka, akakaa chini pale pale kwenye kifusi.

Dereva alizima mashine akashuka. Alikuwa mtu wa mbali, mtu mzima mwenye adabu zake, na alivua kofia kabla ya kusema.

"Pole sana, mama. Sikujua kwamba umeacha vyombo. Lakini vyungu si kitu, pale sokoni vipo vingi."

Nilifungua mdomo. Mama akanitazama, hakunitazama usoni, alinitazama tumboni. Nikaufunga.

"Asante, baba," akamjibu dereva.

Yule bwana akavaa kofia yake, akapanda, akasukuma udongo na kusawazisha. Mama akajiinua kwa kunishika bega. Akaniambia twende kivulini, jua hili si zuri kwa mtu mwenye hali yangu.