Dawa Iliyowekwa Mezani

Mwanangu, jana ulijigamba kwamba sayansi ni kazi ya vichwa vikali. Unasoma famasia, acha ujigambe kidogo. Lakini nakumbuka siku moja ya baridi hapahapa Brussels, nikiwa mwanafunzi wa historia mwenye maneno mengi kukuzidi wewe, nami nataka uisikie.

Nilikaa mtaa wa Saint-Josse kwa mama yangu mdogo, Maman Odile, aliyetoka Lubumbashi. Watu wetu walimjua kwa dawa yake ya tumbo. Aliichemsha mlango ukiwa umefungwa, kwani alifundishwa kwamba dawa ikitajwa miti yake, nguvu zinaisha. Mimi niliona ni ushamba, ingawa niliinywa kila nilipoumwa.

Basi siku hiyo jirani akampa dawa hiyo mwanawe Grâce, mtoto mdogo bado wa kubebwa mgongoni. Mchana mtoto akalegea, hafumbui macho. Tukakimbilia hospitali. Daktari alitaka kujua chupani mlikuwa na nini kabla hajampa dawa yake, asije akachanganya vitu visivyopatana. Aliuliza amesimama mlangoni, kama anayemhoji mwizi. Mama mdogo akafunga mdomo. Mama yake Grâce alikuwa sakafuni analia, na mimi niliogopa kweli, mwanangu.

Nikamvuta mama mdogo kando, nikamwambia nilichokuwa nimesoma chuoni. Zamani, katika miji mingi ya huku, mtengeneza dawa hakuruhusiwa kuchanganya dawa moja kubwa ya kuzuia sumu akiwa peke yake chumbani. Mji ulimtaka apange kila mzizi na kila unga mezani, hadharani, siku kadhaa. Madaktari walioapishwa wanapita, wakuu wa mji wanapita, hata muuza samaki akitaka anakuja kunusa. Kilichooza kinatolewa. Ndipo anachanganya mbele yao.

Alinisikiliza, kisha akauliza swali ambalo profesa wangu hakuwahi kuliuliza.

"Bon, na ule muntu wa dawa, bale bakubwa ba muji balikuwa banamuheshimu?"

Nikasema ndiyo, walimjia wamevaa vizuri, naye amesimama nyuma ya meza yake kama fundi anayetambuliwa.

"Alors, docteur aikale kwanza. Akiikala, nitamuonyesha."

Nilimfuata daktari nikamweleza. Namshukuru mpaka leo, maana alivuta kiti, akaketi, akamwita kwa heshima, "maman". Mama mdogo akafungua mkoba wa dawa aliokuja nao, akaweka mizizi na majani kimoja kimoja juu ya meza ya chakula ya wagonjwa, akivitaja kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye gome moja jekundu, daktari aliinuka mara moja, akaenda kubadilisha dawa aliyokuwa ameiandaa. Kesho yake Grâce alikuwa anadai beignet, yale maandazi yetu.

Mama mdogo alilia njia nzima tukirudi, akidhani amevunja mwiko alioachiwa na mama yake. Gome lile hakuwapa tena watoto. Dawa iliyobaki iliendelea kututuliza matumbo kama kawaida.

Kwa hiyo nakwambia waziwazi. Vichwa vikali vilikuwepo siku zote, Lubumbashi na hapa. Miji ile iliongeza meza, kiapo na mashahidi, hata ujuzi wa mmoja ukaweza kukaguliwa na wengine. Haikuwa kwa wema mtupu, usidanganyike. Vyama vya mafundi vililinda biashara yao, na wanawake wengi waliojua miti walifungiwa nje. Wewe utakapokuwa na maabara yako, onyesha unachochanganya kabla hujasifiwa, na ukubali mwenzako akutolee kilichooza. Na ukimhitaji mtu ajuaye usichokijua, keti kwanza ndipo umuulize.

Mungu akupe mikono miaminifu, mwanangu. Akujalie wakaguzi wakali wenye heshima, na mtoto yeyote atakayekunywa dawa yako aamke.