Macho ya Manjano Hayapelekwi Dukani

Siku hiyo, mwanangu, naikumbuka kuliko ya harusi yangu. Nimelala kwa benchi ya kliniki mjini, meno yanagongana, macho ya manjano kama kiini cha yai, nangoja kuambiwa kama nitapasuliwa tumbo ama nitakufa.

Nilikuwa kijana, nachinja ng'ombe Dagoretti. Homa ilianza na maumivu chini ya mbavu za kulia. Wenzangu wakanicheka, "Unaangusha fahali, halafu homa kidogo inakuangusha?" Mutua, mkubwa wa zamu yetu, akanikamulia nyongo ya mbuzi ndani ya supu. "Kunywa. Chungu hufukuza chungu." Nikanywa, maana machinjioni mkubwa akisema, mdogo humeza.

Ikazidi. Nikaenda kwa Ndirangu, mwenye duka la dawa Riruta. Alikuwa anahesabu chenji. "Malaria hiyo, bwana," akaniuzia tembe. Nikarudi kwake mkojo umekuwa kama chai ya rangi, akaniuzia tembe zile zile. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha. Nilionyesha, na niliyemwonyesha hakutazama.

Mke wangu ndiye alinivuta mpaka mjini. Daktari, mama wa Kihindi mwenye mvi, akabonyeza mbavu, nikaruka.

"Kijiwe kimeziba njia ya nyongo," akasema, "na wadudu wameingia. Shukuru, bado haijawa kali. Tunamlaza, tunampa maji ya mshipa na dawa ya kuua wadudu. Kisu hapana."

"Na ikikataa?" mke wangu akauliza.

"Kesho homa isiposhuka, anapelekwa kuzibuliwa. Hatungoji."

Asubuhi nikaamka nimeloa jasho, baridi imeniacha, nikaitisha chai. Mke wangu akacheka mpaka akalia. Mwanangu, sijawahi kuona dirisha likiwa na mwanga mzuri kama ule. Kijiwe chenyewe walikitoa baadaye, nikiwa na nguvu.

Basi sikia. Homa ya kutetemeka, maumivu ya mbavu za kulia, macho ya manjano: vikikujia, usinywe nyongo ya mbuzi, usinunue tembe za kubahatisha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na dawa ukipewa, zimalize, hata ukijisikia mzima.

Mungu akupe afya, na akupe mtu wa kukuvuta mkono ukikaidi.

Na wewe Ndirangu uliyekaa hapo nyuma, nimekuona, na bado unauza dawa pale pale. Nijibu mbele ya huyu mwanangu: ungepoteza nini kuinua kichwa ukanitazama?