Mbuzi ya Umeme ya Taraivini

Huko kisiwani Taveuni, Inoke alikuwa amejenga mashua maisha yake yote. Alipoona viganja vya mkewe Taraivini vimeanza kufa ganzi kwa kukuna nazi, akamtengenezea mbuzi ya umeme kwa mota ya mashine mbovu ya kufulia.

Siku ya kwanza nazi ilimchomoka Taraivini mkononi, chembe zikaruka mpaka kwenye dari.

"Baba Sera! Unataka kukuna nazi au kunikuna mimi?"

Inoke alicheka mpaka akakohoa, kisha akachukua penseli. Mota ilizunguka mara elfu moja na mia nne kwa dakika. Yeye alitaka mia tatu na hamsini, yaani robo. Puli ya mota, yaani gurudumu linalozungusha mkanda, ilikuwa na upana wa inchi mbili, na ya mbuzi vilevile, ndiyo maana kasi haikupungua hata kidogo. Basi akachonga puli ya mbao ya inchi nane, akaifunga kwenye mbuzi na kubadilisha mkanda.

Jumapili asubuhi Taraivini alikuna nazi sita huku akiimba.

"Haya, sasa imepata adabu," alisema, akamtilia mumewe kipande cha nazi mdomoni.