Mbwa Asiyelamba

Wiki ile sikutulia hata kidogo. Nilikuwa nakwenda ghalani, narudi nyumbani, nakaa barazani, nainuka tena, nakatiza Mtaa wa Msimbazi mpaka sokoni bila shida yoyote ya kwenda sokoni. Nilijiunga na foleni moja ya duka la ushirika, nikatoka kabla sijajua walikuwa wanangojea nini. Mpangaji mwenzangu aliniuliza kama nimemwagiwa upupu. Nilimwambia nina mbwa wa kuchagua, akacheka, akadhani namtania.

Nilikuwa mlinzi kwenye ghala la shirika moja la umma, upande wa Gerezani, karibu na reli. Mle ndani mlikuwa na sukari, sabuni na mchele, vitu ambavyo miaka ile ya uhaba watu waliviona zaidi ndotoni. Na vilikuwa vinayeyuka. Magunia yanalala yamejaa, yanaamka yamelegea, nasi walinzi tunatazamana kama wake wenza. Basi wakubwa wakaamua tuletewe mbwa. Akaja mzee mmoja aliyestaafu polisi, ambako alikuwa mwalimu wa mbwa, na akaja na jike lake lenye mimba. Likazaa pale pale nyuma ya ghala, juu ya magunia matupu, watoto wanne wenye matumbo kama vibuyu.

Mzee alitafuta mlinzi wa kumfanya mshika mbwa wa kwanza. Wenzangu wengi walikuwa watu wa pwani, Waislamu, wakasogea nyuma kila mmoja kwa adabu yake. Mimi nimetoka Kilimanjaro. Kwetu mbwa hulala mlangoni, na mtoto akidondosha ndizi mbwa ndiye hufagia. Nikasema niko tayari. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote mjini. Nilikuwa nimechoka kukaa kwenye kiti mbele ya geti na rungu mapajani.

Kulikuwa na sharti. Mwenye mbwa analala na mbwa wake tangu mdogo, mbwa ashike harufu ya mtu mmoja. Banda la mbwa lilikuwa kwenye mpango, ila saruji nayo ilikuwa kwenye mpango. Kwa hiyo mtoto nitakayemchagua Jumatatu ilibidi niende naye kwangu. Na kwangu kulikuwa kwa mama mwenye nyumba, Kariakoo, mjane wa Kizaramo aliyepika vitumbua kila asubuhi na kusali sala zake zote tano uani.

Yeyote aliyewahi kukaa nyumba ya Kiswahili anajua. Vyumba viko huku na huku, ukumbi mmoja katikati, na uani ndiko kila kitu: bomba, majiko, vyombo vimefunikwa, kamba ya nguo, mkeka wa kusalia. Mate ya mbwa yakigusa chombo, chombo kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hilo sikulijua mpaka yeye aliponieleza, taratibu, huku anageuza kitumbua. Mama yule alikaa kando ya kitanda changu siku nilizougua malaria. Alinilisha uji kwa mkono wake, akaniita Mchaga wangu mbele ya watu. Sikutaka kuhama kwake. Sikutaka pia kuiacha kazi ya mbwa, na mwenzetu mmoja kutoka kusini alikuwa tayari ameshamwambia mzee kwamba mimi nikishindwa, yeye yupo.

"Nimemuuliza mwalimu msikitini," mama aliniambia siku moja. "Kasema mbwa wa ulinzi anafugika. Lakini mimi nina vyombo vyangu na nina sala yangu. Nitafutie asiyelamba."

"Mama, mbwa gani asiyelamba?"

"Mimi najuaje? Wewe si ndiye unayewajua?"

Nilipompelekea mzee habari hiyo alicheka mpaka akakohoa. Mzee yule alimwita kila kiumbe ndugu, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, mbwa nao wakiwemo. "Ndugu," alisema, "ukimpata mbwa asiye na ulimi, niite nije nimpigie saluti."

Lakini alikuwepo. Katika wale wanne kulikuwa na jike dogo la rangi ya kijivu. Wenzake wakinivamia na kunilowesha vidole, yeye anakaa pembeni, ameweka mikono pamoja, ananitazama. Nilimpelekea kipande cha dagaa. Alikichukua kwa ncha ya meno na kurudi kwake, hakugusa ngozi yangu hata chembe. Nilikwenda nyumbani karibu nikimbie, nikamwambia mama nimempata, na yeye akasema atakuja kumwona kwa macho yake.

Alikuja Jumapili baada ya adhuhuri, amevaa baibui, amelikusanya juu kidogo lisiburuzike. Alisimama mbali, karibu na mlango wa ghala, na mzee akamletea kiti ambacho hakukikalia. Nikawaachia watoto wote. Watatu wakaja kwangu mbio, wa kijivu akabaki pale pale. Kati ya hao kulikuwa na dume moja jekundu ambalo lilinipanda mpaka kifuani, likanilamba kidevu, shingo, sikio, nami nikawa namsukuma huku nikimtazama mama kwa jicho la pembeni, kama mtu aliyekutwa na jambo.

"Yule," alisema mama, akinyoosha kidole kwa wa kijivu. "Yule ana adabu. Huyo nitakaa naye." Kisha akatutazama mimi na lile dume kwa muda, akaaga, akaenda.

Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilizunguka ghala lile mpaka mlinzi wa zamu akaniambia nakwaruza sakafu. Kuna kitu kilikuwa kinanikera na sikukijua ni nini.

Nilikijua Jumatatu. Mzee aliwatoa watoto uwanjani, akachukua mfuniko wa debe na kuuangusha kwenye saruji bila kuonya mtu. Wote walitawanyika. Dume jekundu lilikimbia hatua chache, likageuka, likarudi kuunusa ule mfuniko, likaubwekea kwa sauti yake nyembamba, kisha likaja kukaa juu ya kiatu changu. Wa kijivu aliingia chini ya mbao za magunia. Niliinama kumtafuta. Alikuwa amejibana ukutani anatetemeka, mkojo umemtoka, na nilipoingiza mkono alifumba macho.

Basi ndiyo hiyo adabu. Alikuwa anatuogopa. Hakulamba kwa sababu kulamba kunataka usogee.

"Ndugu, chagua," alisema mzee. "Ukimchukua huyo wa chini ya mbao sitakukataza. Lakini kazi hii ina makelele, ina kamba, ina watu wa kumrukia. Itamvunja. Au siku moja atamng'ata mtoto wa jirani kwa woga. Mwache abaki na mama yake, mimi nitarudi nao kwangu."

Nilisimama pale nikimfikiria mama mwenye nyumba, uji wake, sauti yake asubuhi akiniambia niamke nitachelewa. Nilitafuta njia ya tatu na sikuiona. Hapo lile dume likaanza kunilamba kifundo cha mguu, bila haraka, kana kwamba limeshaajiriwa. Nikaliinua. Nilikasirika na kufurahi kwa pamoja, na sijui kilichozidi.

Nilimwacha huyo mwekundu kwa mzee kwanza, nikanawa mikono, nikaenda nyumbani. Njia nzima nilipanga maneno. Nilimkuta mama uani anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umemchukua mwekundu."

Nikamuuliza amejuaje.

"Nilikuona jana ulivyokuwa unamsukuma. Mkono unasukuma, uso unacheka." Alipepeta mchele mara mbili. "Na yule wa kijivu niliona anatetemeka. Nilimtaka kwa ajili ya nyumba yangu. Wewe ulikuwa unatafuta wa kazi. Nina ndugu yangu Buguruni ana chumba cha uani, mlango wake unatokea nje. Nimeshamwambia tangu jana utakwenda."

Tangu jana. Mimi nilikuwa nimezunguka mji nikiumia kwa ajili yake, naye alikuwa ameshanitafutia pa kwenda. Iliniuma. Nilitaka angalau agombe, aniambie nisiende. Nilijibu asante mama, nikaenda kufunga virago kwa vishindo visivyo na sababu.

Wakati wa kutoka alinipa kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kanga kuukuu. Ndani mlikuwa na sahani ya bati niliyokuwa nikilia chakula kwake, kikombe na kijiko. "Nenda navyo, mwanangu," alisema. "Na ukija kuniamkia, unakula hapa kama kawaida." Nilishukuru sana. Nilidhani ni zawadi, mtu asianze maisha mapya bila chombo, na hasira yangu ikapungua.

Nilipita ghalani nikamchukua mtoto, nikamtia ndani ya shati, tukashika njia. Tulipofika Ilala alilia njaa. Mzee alikuwa amenipa uji wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano, kwenye chupa, lakini sikuwa na pa kuumiminia. Nikakaa kwenye ukingo wa mfereji, nikafungua kanga, nikammiminia kwenye sahani. Alilamba mpaka maua yaliyochorwa chini yakatokea, kisha akanilamba vidole kimoja kimoja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile haikuwa zawadi, au haikuwa zawadi tupu. Sahani ya mtu anayelala na mbwa isingeweza tena kukaa pamoja na zake, na mimi nisingelifikiria hilo, kwa hiyo alikuwa ameitoa yeye mwenyewe, kimya kimya, asinitie aibu. Niliinuka. Nikakaa. Nikainuka tena, nikageuka nilikotoka. Nilitaka kurudi Kariakoo mbio nikamshike mkono, nimwambie nimeelewa, lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa imelambwa.